Nyambizi Mfukoni mwa Koti

Jumamosi, 10 Januari 1998

Theluji imeanguka tena juu ya ile ya juzi. Nimeizoa kuanzia ngazi za Mzee Hamada, Mjapani ninayemsaidia kila Jumamosi, mpaka barabarani, nikamwaga chumvi, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Ndara zangu alikuwa ameshaziweka karibu na hita. Huwa hasemi kitu mpaka chai iishe.

Baada ya chai tumeshuka chini. Nimefuta vumbi meli zake za kuchonga za meza ya kwanza kwa brashi laini, ile ya kupakia rangi. Hataki kitambaa. Kitambaa kinanasa kamba za milingoti.

Wiki nzima nabeba magodoro kiwandani. Mgongo umekwisha. Leo ilikuwa siku ya kulala. Lakini nyumba hii ya mtaa wa Don Mills ndiyo mlango pekee katika mji mzima unaofunguliwa kabla sijabisha.

Jumapili, 11 Januari

Misa ya Kiingereza. Nimeimba nyimbo nisizozijua kwa kufuata mdomo wa mama wa benchi la mbele.

Mchana Papa Furaha amepika fufu. Ni mwenzangu hapa Crescent Town, tunagawana vyumba viwili. Mtu wa Uvira, anakata kuku kiwandani. Tunazungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Anasema changu ni cha redio. Nasema chake kimeungua chini. Mke wake na binti yake wako kambini Kigoma. Anangoja waitwe waje huku.

Mimi simngoji mtu. Mke wangu alikwenda kwa mwanaume wa Njombe mwaka wa pili wa mimi kuwa huku. Simlaumu. Watoto wako kwa dada yangu Songea, wameshakuwa wakubwa. Nikipiga simu wananiuliza kama kuna baridi. Nawaambia ipo. Halafu tunatafuta la kusema.

Jumamosi, 17 Januari

Chini kwa Mzee Hamada kuna meza nne, na bahari yake ni mbao zilizopakwa buluu. Kila meza vita vyake. Meli zote amezichonga mwenyewe tangu mkewe afariki. Ndogo zina urefu wa kidole, kubwa zinafika kiwiko.

Meza ya kwanza Mjapani anapigana na Mchina. Wakati ule meli zake nyingi ni za kununua, kwa Mwingereza na kwa Mfaransa. Mchina alikuwa na mbili nzito za chuma kutoka kwa Mjerumani. Zinatisha hata hapa mezani. Hazikumsaidia.

Meza ya pili ni Mrusi. Huyu alitoka Ulaya akaizunguka Afrika nzima, akatia nanga Madagaska, akakaa mpaka mabaharia wakaanza kuugua na kukata tamaa. Halafu akaenda kufia mlangoni pa Japani. Nimeuliza mwaka. 1905. Nimekaa kitini bila kukaribishwa. Mwaka uleule babu zetu wa Ungoni walishika mikuki wampige Mjerumani. Walinyweshwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mrusi alikuwa na manowari akashindwa. Sisi tulikuwa na maji tukashindwa. Shule niliishia darasa la sita. Tulifundishwa vita vyetu kama vile watu wengine wote walikuwa wamelala.

Meza ya tatu ni ndogo. Vita vya Kaizari, vile vya kwanza vya dunia. Hapo Mjapani yuko upande wa Mwingereza, na manowari zake nyepesi zilikwenda mpaka bahari ya Mediterania kusindikiza meli za askari. Meza hii ndiyo naipenda. Kazi ya kusindikiza.

Meza ya nne imefunikwa shuka. Bado, anasema mzee.

Ninachokiona mimi: nchi ilianza kwa kununua meli, ikajifunza kuunda zake, halafu zikawa kubwa kuliko akili ya wenye nchi. Sikumwambia.

Jumatano, 21 Januari

Mashine ya gundi imeharibika. Tumekaa kwenye marobota. Msimamizi wetu, Mreno, ametoa picha za nyumba anayojenga kwao. Kila mtu amesifia vigae. Mimi pia. Sina picha ya kutoa.

Jumamosi, 24 Januari

Leo tumecheka. Nataka niandike vizuri jinsi ilivyokuwa.

Aliniuliza Wangoni ni watu gani. Nikamwambia ni watu wa vita, walitoka kusini wakipiga kila aliyesimama njiani. Tuliwapiga Wahehe, Wahehe wakatupiga. Tulipochoka hatukuandikiana mkataba. Tukawa watani. Mpaka leo Mhehe akija kwetu msibani anaweza kuingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Anaweza kuingia uani akakamata jogoo, akaondoka naye. Huna pa kumshtaki. Ukimtaka jogoo wako unakwenda kumkomboa. Nasi tunamwita mla mbwa mbele ya wakwe zake, na haruhusiwi kununa.

Mzee aliacha patasi. "Adui wa zamani anaiba, na wewe unamkaribisha?"

"Haibi. Anachukua. Akinuna mmoja, hao si watani tena."

Akacheka. Kicheko chake kinatokea puani, kama mtu anayepuliza vumbi. Mimi nikanogewa. Nikamwambia baba mkubwa, kaka yake baba, alichukuliwa na Mwingereza akapigane na Mjapani huko Burma. Basi babu zenu na babu zetu wamepigana. Basi wewe ni mtani wangu, Mjapani wewe, mla samaki wabichi.

Akacheka tena. Kisha akauliza: "Alirudi kutoka Burma?"

Nikasema hakufika. Meli yao ilitoka Kilindini, ikazamishwa njiani kabla ya Ceylon.

Akapanda juu kubandika birika, na chai tulikuwa tumeshakunywa.

Jumapili, 25 Januari

Nimemweleza Papa Furaha kwamba nimepata mtani Mjapani. "Eeh, ndugu," amesema, "Mungu anakupenda. Ulikosaga rafiki, sasa amekupa adui."

Jumamosi, 31 Januari

Binti wa mzee alikuwepo. Naomi. Mwalimu, anakaa upande wa magharibi, ana haraka katika kila kitu. Ananisalimia kwa heshima lakini macho yake yako kwenye viatu vyangu.

Kuna mambo mawili, nimeyasikia jikoni. La kwanza: wazee wenzake wa Kijapani wanataka meza zake kwa maonyesho katika ukumbi wao. Watakuja kuziangalia Jumapili ya tarehe nane. La pili: maonyesho yakiisha, Naomi anataka nyumba iuzwe, mzee akakae nyumba ya wazee. Ameanguka mara mbili bafuni. Mzee hajakubali wala hajakataa.

Nimeogopa, nasema kweli. Nyumba ikiuzwa, mimi Jumamosi nitakuwa nani.

Chini, mzee ameondoa shuka meza ya nne. Vita vya mwisho. Manowari za kubeba ndege. Ile kubwa kuliko zote duniani, aliyoichonga kwa miaka miwili, iliyozamishwa kwa ndege ikienda kwenye vita ambako haikutegemewa kurudi. Pembeni manowari moja imefunikwa matawi ya nyasi kavu. Hiyo ndiyo yake. Aliingia jeshini mwishoni kabisa, kijana wa kuhudumia tanuri, na mafuta yalikuwa yamekwisha nchini. Waliifunga bandarini wakaifunika kwa matawi ya miti ndege zisiione. Zikaiona.

Kwenye kona ya chini, peke yake, nyambizi. Nyembamba, nyeusi, urefu wa kalamu. Nikauliza hii ilifanya kazi wapi. Bahari ya Hindi, akasema. Nikauliza kama hizi zilipiga meli za askari. Akasema ndiyo, akaendelea na gundi.

Nimemchukia. Chuki ilidumu kwa urefu wa zile ngazi za kupanda jikoni. Naomi alikuwa ameniwekea keki kwenye karatasi niende nayo. Nimekula ndani ya basi. Tamu.

Jumatano, 4 Februari

Nimefikiri wiki nzima. Mtu akiwa mtani wako, jambo zito mnalipitisha kwenye utani ili lisiwaue. Ndiyo kazi yake. Kwetu hata maiti hutaniwa.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeichukua.

Mzee alipanda kujibu simu. Nyambizi nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Mahali pake nikasimamisha springi ya godoro niliyokuja nayo kutoka kiwandani, ndefu, inatingishika. Baharini, katikati ya vita, springi. Nilicheka peke yangu kule chini mpaka nikaziba mdomo.

Akiiona atajua. Nilishamweleza yote, mpaka jogoo. Atakuja kuikomboa, ataona ninapoishi. Nitampikia wali. Hajawahi kuja mtu kwangu.

Nimeiweka kwenye dirisha la chumba changu, inatazama jengo la pili.

Jumapili, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Simu imelia saa ya chakula. Naomi. Ameniuliza kama nina kitu cha baba yake. Nikaona mchezo umeanza. Nikacheka. Nikasema kwa sauti: "Mwambie Mjapani nyambizi yake imetekwa na Wangoni! Aje mwenyewe, na jogoo mwekundu. Mweupe hatupokei!"

Kimya. Nikadhani anamweleza mzee. Nikangoja nisikie kicheko cha puani.

Kisha akasema polepole, kama anamsemesha mwanafunzi mbaya. Wageni wa ukumbi, ambao nilikuwa nimewasahau kabisa, walifika asubuhi. Walipofika meza ya nne wakakuta springi. Mmoja akauliza ni mfano wa nini. Baba yake alipiga magoti chini, mbele ya watu wote, akatafuta chini ya meza, akatafuta nyuma ya hita, akaomba radhi. Akaomba radhi tena. Hakulitaja jina langu. Yeye Naomi ndiye aliyenikumbuka.

"Ukiirudisha kesho, sitapiga simu polisi."

Nikajaribu kueleza. Wahehe. Kaburi. Jogoo. Kiingereza changu kikaniacha katikati ya njia. Nilijisikia ninavyosikika: mwizi mwenye hadithi ndefu.

Karatasi zangu za kukaa bado hazijatoka. Polisi wakiandika jina langu, basi. Lakini haikuwa hilo lililonifanya nishindwe kula. Ni yale magoti.

Papa Furaha alisikia yote. Kwanza alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe naishi na muizi ya meli! Kwetu wakubwa waliiba inchi muzima, lakini meli waliacha!" Aliponitazama akaacha. Akanisogezea sahani.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeomba ruhusa kwa Mreno. Nimeifunga nyambizi ndani ya soksi safi. Naomi amefungua mlango nusu. Amefungua soksi, ameigeuza huku na huku kuona kama imevunjika. Haikuvunjika. Ameniambia wamepata mtoto wa jirani wa kuzoa theluji. Amesema asante. Heri angenitukana.

Mzee alikuwa dirishani. Nikainua mkono. Hakuinua wake.

Jumamosi, 14 Februari

Nimelala mpaka saa nne, ndivyo nilivyokuwa nikitaka siku zote. Nimeamka sina pa kwenda. Nimefua. Nimepanda treni mpaka mwisho wa reli nikarudi.

Alhamisi, 26 Februari

Kwaresima imeanza, jana nilipakwa majivu. Leo kiwandani nimebeba magodoro ya hoteli, mapana, watu wawili kila godoro. Mwenzangu Mtamili hazungumzi. Nimegundua kwamba tangu juzi sijatamka sentensi nzima. "Hapa." "Geuza." "Shusha."

Najiuliza na sitaki kujidanganya. Kulikuwa na meli nyingi pale. Kulikuwa na vimashua vya kuvutia meli ambavyo hakuna ambaye angeviulizia. Kwa nini mkono ulikwenda kwenye ile? Nilisema utani. Ulikuwa utani. Lakini chini ya utani kulikuwa na baba mkubwa, na nilitaka mzee aitafute. Nilitaka atafute kitu asikione, kama bibi yangu alivyomtafuta mwanawe.

Sikutaka apige magoti.

Jumamosi, 7 Machi

Nimempigia dada Songea. Nikamsimulia. Nikategemea acheke. Akauliza: "Huyo mzee alikutania lini?"

Nikasema alicheka.

"Kucheka siyo kutania. Kosmasi, ulimteua mtani kama watu wanavyoteua mjumbe. Mhehe alizaliwa anajua. Huyo umemvisha utani."

Simu za kadi zinakatika zenyewe. Ilikatika hapo. Ningeweza kununua kadi nyingine. Sikununua. Alikuwa amesema yote.

Jumanne, 10 Machi

Simu. Sauti ya mzee mwenyewe. Hapendi simu, huongea kama anatuma telegramu. "Gama-san." Ndivyo anavyoniita, Bwana Gama kwa lugha yake. "Kufunga mizigo. Jumamosi." Akakata.

Nimekaa na ile simu mkononi mpaka ikaanza kulia ile sauti yake ya kukasirika.

Jumamosi, 14 Machi

Nyumba imeuzwa. Kila mahali maboksi. Ndara zangu hazikuwepo, nimefanya kazi na soksi.

Ukumbi umechukua meza tatu za kwanza. Ya nne wameikataa kwa adabu. Wamesema itawaumiza baadhi ya wageni. Mzee amesema hilo bila hasira. Amesema watu wanapenda vita alivyoshinda babu.

Tumefunga meli za meza ya nne moja moja kwenye pamba na karatasi. Hatukuzungumza mpaka tulipofika kwenye nyambizi. Aliishika yeye.

Nikasema nisamehe. Nikasema nilikuwa nakutania, na nilikuwa na hasira, vyote viwili, na sikujua kama vinaweza kukaa mfuko mmoja.

Kisha akaniambia habari za sanduku. Kwenye manowari yao kila baharia alikuwa na sanduku dogo, ndicho kitu pekee chake duniani. Anayegusa sanduku la mwenzake alisimamishwa mbele ya wote akapigwa rungu mpaka aanguke, na wenzake ndio waliopiga, kwa zamu. Yeye alipiga mtu. Mtu wa kijijini kwao. Alipoiona springi, amesema, kitu cha kwanza kilichomjia si hasira. Ni hofu kwamba atatakiwa kunipiga.

Mimi nilileta jogoo, yeye akaona rungu.

Halafu akaniambia jambo ambalo alikuwa nalo tangu siku ile aliyopanda kubandika birika. Amelisoma katika vitabu vyake. Meli iliyotoka Kilindini ilizama upesi sana. Watu wakabaki majini. Nyambizi ikajificha chini yao hasa, chini ya waliokuwa wakiogelea. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisindikiza zikarudi na kudondosha mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, palepale, katikati ya watu wao. Baadaye nyambizi nayo ikazama, na Wajapani wake wakafa karibu wote.

"Kwa hiyo sijui nani alimuua baba yako mkubwa," amesema. "Wewe pia hutajua."

Bibi yangu alikufa akimlaani Mjapani. Nimeona nimweleze. Amekubali kwa kichwa. Amesema mama yake alikufa akimlaani Mwamerika, na yeye amemsomesha Naomi kwa kazi ya kiwanda cha Wamerika.

Tumefunga nyambizi. Nimeandika boksi kwa kalamu nene, herufi kubwa, kama alivyoniambia.

Kwa uhasibu wa moyo wangu: amenisamehe? Sijui. Hakutamka. Naomi amenipa mkono wakati wa kuondoka. Mzee alikuwa ameshageukia boksi jingine.

Jumamosi, 21 Machi

Amehamia nyumba ya wazee jana. Sikuitwa. Nimepita mtaani kwake bila sababu. Mapazia yameondolewa. Unaona mpaka jikoni, hakuna kitu.

Nimeshindwa kuamua kama mtu anaweza kwenda kumwona mzee ambaye hakumwalika. Kwetu swali hilo halipo. Hapa kuna swali.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda.

Nyumba ya wazee ina joto kama tanuri la mkate na inanuka supu. Nimevaa koti la kanisani. Mapokezini wameniuliza ninamtaka nani, nikakosea kutaja namba ya chumba, wakaniita kando. Muuguzi mmoja Mfilipino, mama mwenye sauti kubwa, amenipeleka sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama magari. Amekonda. Wamemvika sweta si lake, la kijani. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Nikajuta kuja.

Muuguzi akainama, akamsemesha kwa sauti ya kuwasemeshea watoto. "Mr. Hamada, umepata mgeni! Huyu ni nani? Rafiki yako?"

Mzee hakubadilisha uso hata kidogo.

"Adui," amesema. "Hesabu vijiko kabla hajaondoka."

Muuguzi akageuka kunitazama. Kwanza mimi sikuelewa. Nilisimama pale na kofia mkononi. Kisha nikaona mabega ya lile sweta la kijani yanatingishika. Sauti ya puani.

Nikasema: "Huyu, mama, ni mateka wangu. Nimekuja kuona kama mnamlisha. Mpeni samaki mbichi, hajui kula kingine."

"Ananuka gundi," mzee akamwambia muuguzi. "Msimkalishe karibu na watu."

Yule mama alishika kiuno. Akasema kama ni kugombana twende nje, hapa kuna wagonjwa. Tukacheka, na yeye alivyozidi kuchukia ndivyo tulivyozidi. Bibi kizee wa Kiitaliano aliyekuwa anasinzia naye akaanza kucheka, bila kujua nini.

Baadaye tumetazama dirishani. Magari yanaingia, magari yanatoka. Ameniuliza kama mgongo unauma. Nimesema unauma. Amesema wake pia. Aliponiona navaa koti, akasema mara moja tu, bila kunitazama, Jumamosi chakula cha hapa ni kibaya sana, kwa hiyo nije nimekula.

Jumatatu, 30 Machi

Kazini siku ndefu. Magodoro ya watoto, mepesi, lakini mengi.

Jioni nimemhadithia Papa Furaha habari za sebuleni, adui na vijiko. Nilidhani atacheka kuliko watu wote. Hakucheka. Alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Na sisi, ndugu? Siku moja nikutane hapa na ule mwenye alichoma nyumba yangu, tumeshakuwa wazee, tucheke?"

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu ilichukua miaka mingi, na waliopigana wenyewe sijui kama waliwahi kucheka. Nilitaka kumwambia siyo lazima. Badala yake nimesogeza kiti, nikachukua nusu ya maharage, tukachambua wote.

Tumekula. Yeye ameosha vyombo, mimi nimefuta. Nje kunanyesha. Ni mvua, siyo theluji. Papa Furaha amefungua dirisha kidogo tuisikie.